Mkrismasi wa Baba na nyufa za chumbani kwa Mama

Ufa wa kwanza niliuona Septemba 2016, juu ya dirisha la chumba cha Mama, nyumbani kwetu Morogoro. Ulikuwa mwembamba, umeanzia kona ya dirisha na kupanda kimshazari hadi kwenye lenta. Nje ya dirisha hilo, mita tatu na nusu kutoka kona ya nyumba, ulikuwepo mkrismasi alioupanda Baba mwaka 1991, mwaka uleule alioweka msingi. Kila Desemba mti ule uliwaka mwekundu mpaka watu waliotoka stendi wakaelekezwa kwetu kwa mti, si kwa jina. Baba alifariki mwaka 2009. Mama akabaki na nyumba, mti na kiti chake cha kamba chini ya kivuli.

Ninaandika haya kwa sababu nimetumia zaidi ya milioni sita kwenye kona moja ya nyumba, na zaidi ya robo ya fedha hizo ilipotea kwa haraka yangu mwenyewe. Wako wengi wenye mkrismasi, mkungu au mwarobaini ukutani, na wanaangalia mizizi iliyovimba barazani bila kujua waanzie wapi.

Nilipouona ufa ule nilifanya alichofundishwa kila mtoto wa Kiswahili: niliuziba. Fundi alichimbua kwa tindo, akajaza saruji na mchanga, akapiga lipu na rangi juu yake. Shilingi 85,000. Tulifanya kazi ile Oktoba, kiangazi kimekauka, ufa umefunguka wote. Kwa aina ya udongo tulionao, hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, ingawa ilinichukua miaka minne kuelewa kwa nini.

Mama alikuwa anajua kitu ambacho mimi sikukijua. Kabla ya kuziba, alizoea kupachika kitambaa cha kanga kuukuu kwenye ufa ili mende wasipite. Aliniambia, "Mwanangu, ufa huu unapumua. Kitambaa nakiweka Agosti kinaingia chenyewe, Aprili nikikivuta hakitoki." Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mzazi anayesimulia habari za nyumba yake, nikaendelea kuongea na fundi. Kipande kile cha kanga kilikuwa na maelezo yote niliyokuja kumlipa mhandisi ayatafute.

Mwaka 2018 ufa ulirudi pembeni mwa kiraka, mpana zaidi, na mwingine ukatokea chini ya dirisha ukifuata maungio ya tofali kama ngazi. Mlango wa chumba ukaanza kukwaruza sakafu. Barazani, mzizi mmoja wa mkrismasi ulikuwa umeinua saruji na kuipasua, umelala juu ya ardhi kama mgongo wa chatu. Sasa tukawa na mtuhumiwa. Tuliuona mzizi, tukauona ufa, tukaunganisha wenyewe. Nikabandua lipu ya chumba kizima, nikapiga nyingine na rangi mpya. Shilingi 420,000.

Septemba 2019 ufa ulirudi tena. Jirani, mzee wa heshima aliyejenga pamoja na Baba, alinikuta nimesimama nauangalia. "Binti, utapaka rangi mpaka lini? Kata mizizi. Mti wenyewe uache, mama yako akae kivulini." Ushauri ule ulinipendeza kwa sababu uliniruhusu kubaki na vyote viwili, mti na nyumba. Siku ya pili nikawaita vijana watatu wenye shoka, sururu na mtaimbo. Walichimba mtaro kati ya mti na ukuta, mita moja na nusu kutoka kwenye shina, wakakata kila walichokikuta. Mizizi mitatu ilikuwa minene, mmoja unene wa paja langu. Nakumbuka sauti ya shoka ikiingia kwenye mbao mbichi, na majimaji yaliyotoka. Mama aliingia ndani, akafunga dirisha. Niliwalipa 120,000 nikarudi Dar es Salaam nikiwa nimeridhika.

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu jambo hili nimeona likirudiwa na watu wengi. Mizizi minene iliyo karibu na shina haipo pale kwa ajili ya kunywa maji. Ndiyo kamba za hema. Maji hunywewa na mizizi myembamba iliyo mbali, inayoenea kwa wingi kwenye udongo wa juu na kwenda mbali kupita kivuli cha matawi. Ukikata kamba za upande mmoja, mti hauna cha kuushika pale upepo unapovuma kutoka upande huo. Baadaye kijana aliyesomea misitu SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, alinifundisha kipimo ambacho kingeniokoa: pima upana wa shina, kipenyo chake, kwa kimo cha kifua. Usikate mzizi mnene ndani ya umbali wa mara tatu ya kipenyo hicho, na kama unataka usalama wa kweli fika mara tano. Shina letu lilikuwa na sentimita 70. Mara tatu ni mita mbili na kumi. Mara tano ni mita tatu na nusu, yaani ukutani kwenyewe. Kwa kipimo kile palikuwa hapana pa kukata. Mti ule ulipandwa mahali ambapo mizizi yake mikubwa isingeweza kuguswa bila kuuhatarisha.

Vuli ya mwaka huo haikuwa ya kawaida. Mtakumbuka mvua za mwishoni mwa 2019, Afrika Mashariki nzima ilijaa maji, kwa kuwa Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida. Usiku mmoja wa Novemba Mama alinipigia simu saa nane. Alikuwa amesikia ardhi "inakatika". Asubuhi jirani akanitumia picha: upande wa nyumba, pale tulipochimba, ardhi ilikuwa imefunguka mpasuko uliopinda kama mwezi mwandamo, na mti ulikuwa umeinama kuelekea upande wa pili. Upande wa pili ni jiko la jirani huyohuyo. Nilikuwa nimejituliza kwamba tumekata mizizi ya upande wa nyumba, kwa hiyo mti hautaangukia nyumba. Ni kweli haukuiangukia. Ulikuwa unawaendea watu wengine, na watoto wa jirani hupika uji pale kila asubuhi.

Nilifika siku hiyohiyo. Nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniandikia barua, nikaipeleka manispaa kwa wahusika wa maliasili, nikaenda na kwa watu wa umeme kuomba waya uzimwe siku ya kazi. Msikate mti mkubwa mjini bila kupitia hatua hizo hata kama mti ni wenu na mmeupanda wenyewe. Mimi nilihudumiwa haraka kwa sababu ya hatari, lakini bila karatasi hata wakataji wa maana hawakubali kuja. Waliokuja walikuwa wanne, wana chenso, kamba na mkanda wa kupandia. Waliushusha vipande vipande kwa siku mbili, kutoka juu kwenda chini, kila tawi limefungwa kamba. Shilingi 700,000, na sikuomba wapunguze hata mia.

Mama alikaa barazani siku zote mbili. Mti ulikuwa umeshaanza kuweka vikonyo vya maua. Alipoona hivyo akasema tu, "Ungeachwa mwezi mmoja." Nimesikia maneno makali maishani, lakini hayo ndiyo nayabeba.

Basi nikaamini kwamba, kwa uchungu wake wote, jambo limekwisha. Mti haupo, mizizi itaoza, nyumba itatulia. Februari 2020 nikafanya kosa la tatu, lililokuwa ghali kuliko yote: nikaziba nyufa kwa saruji nzito, nikaweka marumaru chumba kizima, nikabadilisha mlango. Nilitaka Mama apate kitu kizuri badala ya kile nilichomwondolea. Shilingi 1,150,000.

Masika ikaja. Aprili mlango mpya ukagoma kufunguka, tukauondoa kwenye bawaba. Marumaru za upande wa dirishani zikainuka katikati kama mkate unaoumuka, mbili zikapasuka usiku kwa mlio uliomtoa Mama kitandani. Nyufa za zamani zilijifunga upande wa juu, na mpya zikafunguka kwa chini. Nyumba iliyokuwa ikizama kona moja sasa ilikuwa inanyanyuka kona ileile, na mti umeshaondoka.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha Mama nikalia. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwaka 2016: nikatafuta mhandisi wa majengo.

Alikuja Juni, dada wa umri wangu. Alimsalimia Mama kwa shikamoo, akakaa chini, na swali lake la kwanza halikuwa kwangu. "Mama, hizi nyufa hufunguka lini na hufunga lini?" Mama akaenda kabatini akarudi na kipande cha kanga. Dada yule akakishika, akakitazama mkunjo wake pale kilipobanwa, akaniambia, "Umeona? Mama ndiye mhandisi wa kwanza wa nyumba hii."

Halafu akataka pachimbwe mashimo mawili ya mkono, kila moja upana wa sentimita 60, moja kwenye kona ya nyumba na lingine upande wa bafu, hadi chini ya msingi. Nawasihi wenye tatizo kama letu, kabla ya shoka, kabla ya saruji, chimbeni shimo moja kama hilo. Vijana wawili walifanya kwa siku moja, 60,000. Ndani ya shimo kuna majibu ambayo ukuta hauwezi kukupa.

Shimo la konani lilionyesha kwanza kwamba msingi wetu uliishia sentimita 60 tu. Chini yake palikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye jembe wakati wa masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama. Ndani ya udongo huo palikuwa na mizizi, lakini si ile ya kutisha tuliyoikata. Ilikuwa myembamba, mingi, unene wa kalamu kushuka hadi wa uzi, imepita chini ya msingi kuingia chini ya chumba. Hakuna hata mmoja uliokuwa umesukuma au kutoboa ukuta.

Dada akanieleza taratibu, na ninarudia kwa maneno yangu. Mzizi wa mti mara chache sana huvunja msingi mzima kwa kuusukuma. Unaweza kuinua vitu vyepesi, kama saruji ya baraza, matofali ya njia au ukuta mdogo wa uzio. Nyumba ni nzito mno kwa hilo. Kinachoiumiza nyumba kwenye udongo wa mfinyanzi ni maji. Udongo huo ukinywa maji hutanuka, ukikauka husinyaa. Mti mkubwa kiangazi hunyonya maji chini ya kona, udongo unasinyaa, kona inazama, ufa unafunguka mpana juu na mwembamba chini. Mvua ikija udongo unavimba, kona inarudi, ufa unafunga na kubana kitambaa cha Mama. Mimi nilipojaza saruji kiangazi, nilipachika kabari. Masika ufa ulipotaka kufunga haukuweza, ukasukuma ukuta upasuke pembeni.

Na nilipoondoa mti, niliondoa mnywaji. Udongo uliokaushwa kwa karibu miaka 30 ukaanza kujaza maji yake upya, ukavimba kuliko ulivyowahi kuvimba tangu mti ukue, ukanyanyua jamvi, yaani zege la sakafu, pamoja na marumaru zangu. Uvimbe huo, alisema, unaweza kuchukua misimu kadhaa kabla ya kutulia. Kama mti ni wa zamani kuliko nyumba hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa nyumba ilijengwa juu ya udongo uliokwisha kukaushwa. Wetu ulikua pamoja na nyumba, hiyo ilikuwa nafuu.

Nilimuuliza kama tungeweza kuuacha mti. Hakunificha. Kabla ya kukata mizizi, ndiyo, ingewezekana kujaribu: kupunguza matawi kwa mpango kila baada ya miaka michache ili unywe kidogo, kurekebisha maji yanayozunguka nyumba, na kufuatilia nyufa. Huenda mwishoni ungeondolewa tu, kwa kuwa ulikuwa karibu mno. Ila ungeondolewa kwa wakati tunaouchagua, baada ya Desemba.

Shimo la pili, la upande wa bafu, lilikuwa na tope. Bomba la inchi nne la maji machafu lilikuwa limeachana kwenye maungio, na mizizi imeingia ndani na kujaza bomba. Fundi alipolikata na kuvuta, ulitoka mkia mrefu wa vijizizi vya rangi ya kahawia, urefu wa zaidi ya mita, umesukwa kama mkeka na kunuka vibaya. Ndiyo sababu choo cha Mama kilikuwa kikipanda kila baada ya miezi michache na sisi tukiita wazibuaji. Mzizi hauna macho ya kutafuta bomba, wala hautoboi bomba zima. Unakua kuelekea penye unyevu, na bomba linalovuja ni chemchemi. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa imekaa upande mmoja kwenye udongo mkavu na upande mwingine kwenye udongo uliolowa mwaka mzima, mita chache tu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ukuta gani ungestahimili?

Kubadilisha bomba na chemba kulitugharimu 310,000. Mhandisi nilimlipa 250,000. Nilipomwomba anipe na ratiba ya kukarabati chumba, akakataa. "Usiguse ukuta. Pima kwanza."

Kupima kulikuwa hivi. Alipiga misumari midogo miwili pande mbili za kila ufa, akaandika tarehe kwa penseli ukutani, akamwachia Mama daftari na rula ndogo ya chuma. Kila tarehe mosi Mama alipima umbali kati ya misumari na kuandika. Kuna wanaobandika kipande cha kioo juu ya ufa wakisubiri kioo kivunjike. Kinakuambia kwamba ukuta umesogea, lakini hakikuambii umesogea kiasi gani wala kuelekea wapi. Misumari inakuambia. Mama alifanya kazi ile kwa uaminifu wa karani. Akinipigia simu alikuwa anaanza na salamu, wajukuu, halafu, "Leo ni kumi na mbili na nusu."

Wakati tunasubiri, tulishughulikia maji. Tulifunga gata pande zote na kupeleka maji ya mvua kwenye tangi na mtaro, maana kwa miaka yote bati lilikuwa likimwaga maji palepale kwenye msingi. Tulimwaga zege la upana wa mita moja kuzunguka nyumba, lenye mwinamo wa kutoa maji nje. Likaja 1,400,000. Ni fedha nyingi, lakini kama ningeambiwa nirudie moja tu kati ya mambo yote niliyoyafanya, ningerudia hili. Lengo si kuukausha udongo. Lengo ni usilowe sana masika na usikauke sana kiangazi. Kwa sababu hiyohiyo niliacha kumruhusu kijana wa bustani kumwagilia maua yaliyobanana na ukuta.

Kisiki nacho kina habari yake. Watu walinishauri nimwage chumvi au oili chafu ili kife. Mhandisi akanionya: chumvi ikifika kwenye zege inakula nondo, na oili inabaki kwenye udongo na kushuka kwenye maji. Tulikata machipukizi kila yalipotokea mpaka yakakoma. Ila mwaka 2021 mchwa walipanda kupitia mizizi iliyokufa hadi kwenye fremu ya mlango. Ukikata mti karibu na nyumba, weka dawa ya mchwa kwenye bajeti mapema na ukague fremu kila mwezi. Sisi tuliwahi kwa sababu Mama alisikia wakitafuna usiku.

Daftari lilionyesha nyufa zikisogea karibu milimita nne mwaka wa kwanza, mbili mwaka wa pili, na kufikia katikati ya 2022 zilikuwa zikienda na kurudi kidogo tu kwa msimu. Septemba 2022 mhandisi akaruhusu kazi. Fundi alichimba mifereji myembamba kwenye maungio ya tofali, akalaza nondo nyembamba za kushona ufa pande zote mbili, akajaza kwa mchanganyiko laini wa saruji na chokaa badala ya saruji tupu ngumu. Jamvi la chumba likavunjwa, udongo mweusi ukatolewa, ikashindiliwa moramu, zege jipya likamwagwa juu yake likiwa limeachanishwa na ukuta. Shilingi 1,900,000. Safari hii sikuweka marumaru. Mama alitaka saruji iliyosuguliwa, nyekundu, kama ya zamani.

Upande wa sebuleni tuna mwembe, mita sita kutoka ukutani, kipenyo cha shina sentimita 45. Ule nilitaka kuuwahi. Yule kijana wa misitu alikuja Novemba 2021, udongo ukiwa umelowa kidogo, akachimba kwa mkono mita mbili kutoka ukutani, yaani mita nne kutoka kwenye shina, mtaro wa kina cha mita moja. Mizizi tuliyoikuta ilikuwa ya unene wa penseli, michache ya kidole gumba. Ilikatwa kwa msumeno wa mkono, mkato safi, hakuna kuchana kwa shoka, kwa sababu mzizi uliochanika huoza kuelekea shinani. Kisha ikasimamishwa plastiki nene ngumu kwa urefu wa upande ule wa nyumba, ncha yake ikabaki sentimita tano juu ya ardhi ili mizizi isiruke, na udongo ukarudishwa na kushindiliwa. Shilingi 380,000. Kiangazi kilichofuata tuliumwagilia mwembe upande wa mbali na nyumba. Haukudondosha hata tawi, na maembe yalikuja kama kawaida. Kizuizi hicho si dawa ya nyumba iliyokwisha kupasuka, nataka ieleweke. Ni kinga, kabla mizizi haijafika, na kwa mti uliopo mbali kiasi.

Nimejumlisha risiti zote: 6,775,000. Ndani yake 1,775,000 ni viraka, lipu, mizizi iliyokatwa na marumaru, vitu ambavyo havipo tena. Shimo la mkono, mhandisi na bomba jipya, vitu vitatu ambavyo vingenionyesha njia tangu mwanzo, kwa pamoja ni 620,000.

Wanaoniuliza sasa kama waukate mti wao, nawauliza mambo machache kwanza. Udongo wako ni upi? Kama ni kichanga, kama wa sehemu nyingi za pwani, mizizi itakusumbua kwenye mabomba na baraza kuliko kwenye msingi. Ufa unabadilika kwa msimu au uko vilevile mwaka mzima? Mpana juu au chini? Maji ya bati yanaangukia wapi? Choo kinapanda mara ngapi? Mti ulikuwepo kabla ya nyumba? Na kama bado hujapanda, kwenye udongo wa mbuga uache mti mkubwa umbali unaolingana na urefu utakaofikia ukikua. Karibu na ukuta panatosha mpapai au mndimu.

Mama alikuwa amehifadhi maganda ya mkrismasi, yale marefu meusi ambayo watoto huchezea kama kayamba. Desemba iliyopita alinipigia simu akaniambia nisije mikono mitupu, nije na tepu ya fundi. Nilimkuta ameshaloweka mbegu tano kwenye kikombe cha maji ya moto. Akanipa ncha ya tepu niishike ukutani, kwenye kona ya chumba chake, akaondoka nayo taratibu kupita mwembe, kupita tangi, hadi kwenye uzio wa barabarani upande usio na waya wa umeme. Akasimama, akainama kusoma.

"Ishirini na mbili," akapaza sauti. "Inatosha?"

Nikamwambia inatosha. Akachimba kwa mkono.